Je, Wajua? Triathloni Ndefu na Alfajiri za Kampala

Triathloni ni mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya jingine, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Ile ndefu humchukua mtu wa ridhaa kutwa nzima. Matayarisho yake humla miezi sita hadi mwaka, saa 10 hadi 15 kila wiki, na mtu huyo bado ana kazi, ana watoto, ana misiba ya kwenda na harusi za kuchangia. Akiwa mkazi wa Kampala, ana pia vilima, ziwa lenye kichocho, boda boda na giza linaloingia ghafla. Yafuatayo ni mambo yanayoiongoza ratiba yake ya kila siku, ayajue asiyajue.

MBIO ZENYEWE

Je, wajua kwamba triathloni ndefu ilizaliwa na ubishi? Kisiwani Oahu, Hawaii, wanamichezo walikuwa wakibishana nani shupavu zaidi: mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akapendekeza ubishi ukatwe kwa kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwepo tayari kisiwani humo, yafanywe yote siku moja. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Aliyeshika nafasi ya pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, na wasaidizi wake wakamnywesha bia.

Hesabu yake ni hii. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2. Jumla ni kilomita 226. Ipo pia nusu yake, ya kilomita 113, na hapo ndipo wengi huanzia. Katika mashindano ya Ironman, jina la mbio hizo za Hawaii, mshiriki hupewa kwa kawaida saa 17: aliyeingia majini saa moja asubuhi mlango humfungia saa sita usiku. Mabingwa hawafiki hata magharibi. Julai 2024, mjini Roth, Ujerumani, Magnus Ditlev wa Denmark alimaliza umbali huo kwa saa 7, dakika 23 na sekunde 24.

Malkia wa mbio hizi alizaliwa Afrika. Paula Newby-Fraser alizaliwa Harare mwaka 1962, akakulia Afrika Kusini, na alishinda mashindano ya dunia ya Ironman huko Hawaii mara nane kati ya 1986 na 1996. Hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefika hapo. Katika Olimpiki, ambako hushindaniwa umbali mfupi, medali ya kwanza ya Afrika ililetwa na Henri Schoeman wa Afrika Kusini, shaba ya Rio de Janeiro mwaka 2016.

Na mashindano ya jirani? Tangu Agosti 2022 nusu Ironman hufanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Kutoka Kampala ni safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 600, na baiskeli yako hulala ndani ya buti la basi au gari la rafiki. Mbali zaidi, Muscat, Oman, ilianza kuandaa ya kwake mwaka 2019.

MWANGA NA SAA

Je, wajua kwamba Kampala haina majira ya jua refu? Jiji liko chini ya nusu nyuzi kaskazini mwa ikweta. Mwanariadha wa Ulaya akitoka kazini mwezi Juni bado ana saa nne au tano za mwanga. Wa Kampala hana bahati hiyo mwezi wowote. Jua humchomozea kati ya saa 12 na nusu hivi na karibu saa moja kamili asubuhi, mwaka mzima, na jioni humwacha kwa utaratibu uleule.

Mchana wa ikweta hauna saa 12 kamili. Una saa 12 na dakika 7 hivi. Dakika hizo za ziada zina sababu mbili. Tunahesabu macheo tangu ukingo wa juu wa jua unapochungulia, siyo kitovu chake. Tena hewa huupinda mwanga kiasi kwamba tunaliona jua kabla halijapanda juu ya upeo wa macho. Kinyume chake, utusitusi wa asubuhi na jioni ni mfupi mno: jua likizama, dakika 20 hivi baadaye huoni shimo lililo mbele ya gurudumu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mazoezi ni taa. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na fulana inayong'aa ikipigwa na taa za gari, kama wavaayo waendesha boda boda waangalifu. Anayetakiwa ofisini saa mbili huamka saa kumi na nusu, akala ndizi moja, akatoka nyumbani saa kumi na moja. Saa moja na nusu amekwishaoga.

Ratiba ya wiki hufuata magari, wala haifuati mwili peke yake. Siku za kazi huachiwa mazoezi mafupi: bwawa mara mbili au tatu, kilima mara moja, na baiskeli iliyofungwa sebuleni juu ya kifaa maalumu, ipigwe pedali bila kwenda popote. Jumamosi ni siku ya baiskeli ndefu, kwa kuwa alfajiri yake haina foleni ya wanaokwenda kazini. Jumapili huwa ya kukimbia, na barabarani hukosi wenzako: vikundi vya mchakamchaka vya mitaa ya Kampala hutoka asubuhi hiyo wakiimba, fulana za rangi moja, mmoja akiwa mbele na filimbi.

MAJI

Je, wajua kwamba maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800? Ndiyo sababu mkimbiaji mwenye mapafu ya chuma anaweza kuhema baada ya mita 50 za bwawa huku mama mtu mzima akimpita taratibu. Majini nguvu hupotea haraka kama mwili haujalala sawa. Kichwa kikiinuka, miguu huzama, na miguu iliyozama ni kama kuburuta mfuko wa mchanga. Anayeanza ukubwani hutumia miezi ya kwanza akijifunza mambo matatu tu: kupumulia ubavuni, kuutandaza mwili, na kuyashika maji kwa mkono mbele badala ya kuyapiga.

Kilomita 3.8 ni safari 152 za bwawa la mita 25. Mabwawa mengi ya hoteli za Kampala ni mafupi zaidi. Kwenye la mita 20 safari ni 190. Kuna hila ndani yake: kila ukifika ukutani unausukuma kwa miguu na kupata mita kadhaa za bure. Ziwani hakuna ukuta, hakuna mstari mweusi chini, na hakuna anayekuonyesha njia. Waogeleaji wa maji wazi huinua macho kila baada ya mikono sita au kumi kutafuta alama ya ufukweni, mti mrefu au mnara. Wanaolisahau hilo huogelea kilomita 4.5 na kulipwa 3.8.

Ziwa Victoria liko jirani, lakini si kila maji yake ni ya kuingia. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya katikati ya jiji na kuyapeleka, kupitia kinamasi, hadi Ghuba ya Ndani ya Murchison, upande wa Ggaba na Munyonyo. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayochotwa sehemu ya maji ya kunywa ya jiji, yakasafishwa kwenye mitambo ya Ggaba. Maji ya bombani hupita katika mitambo. Mwogeleaji hana chujio. Wenye uzoefu huhamia mbali na ghuba, ama hulipia bwawa.

Kichocho hupenda mchana. Katika Ziwa Victoria kilichoenea ni kichocho cha matumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji mwanga unapokuwa mkali, hasa kuelekea adhuhuri, na huweza kupenya ngozi kwa dakika chache. Konokono huishi penye majani na maji ya kina kifupi. Ndiyo maana anayeogelea alfajiri, akaingilia kwenye gati na kufanya mazoezi yake mbali na matete, hupunguza hatari, ingawa haiondoi. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo waliokomaa, lakini wachanga huikwepa. Anayeimeza jioni ya siku aliyoogelea ameharakisha bure. Hospitali humwambia arudi baada ya wiki sita hadi nane.

Radi humtoa mtu majini kabla ya uchovu. Kampala ni miongoni mwa miji yenye radi nyingi zaidi duniani: takwimu zake za zamani hutaja zaidi ya siku 200 za ngurumo kwa mwaka, na Tororo, mashariki mwa nchi, inajulikana kwa sifa hiyohiyo. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa yenye joto na unyevu ikasukumwa juu, dhoruba ikazaliwa. Nyingine huwa bado zinanguruma kunapokucha. Kanuni ni nyepesi: ukisikia ngurumo, toka, usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Suti ya mpira haina kazi huku. Wanaoogelea maji baridi huvaa suti inayowapa joto na kuwaelesha. Mashindano mengi ya Ironman huwaruhusu watu wa ridhaa kuivaa na bado wakapewa nafasi zao iwapo maji hayazidi nyuzi 24.5. Ziwa Victoria juu yake mara nyingi huwa na joto kuliko hilo.

BARABARA

Je, wajua kwamba Kampala hadi Jinja na kurudi bado haitoshi? Ni kilomita 80 kwenda na 80 kurudi. Ili kutimiza 180 inabidi kulivuka daraja la Nile, lililofunguliwa Januari 2019, kuupita mji wa Jinja, na kusonga kilomita 10 nyingine kuelekea Iganga kabla ya kugeuza. Njiani kuna kila kitu ambacho mashindano yatakuuliza: vilima vya Mukono, kivuli cha msitu wa Mabira, mashamba ya miwa ya Lugazi. Kuna pia malori ya mizigo yaendayo Malaba na Busia, ambayo upepo wake hukuvuta ndani kisha ukakusukumia ukingoni. Wengi hugeuza mapema, wakasimama Namawojjolo. Hapo wachuuzi hukimbilia madirisha ya magari na vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja, ndizi tamu iliyochomwa kwa makaa. Mpanda baiskeli anayesimama hapo hujikuta na mikono sita mbele ya uso wake, kila mkono na gonja yake.

Kusini magharibi, mazoezi huvuka nusu ya dunia. Barabara ya Masaka hufika Kayabwe, penye alama ya ikweta, takriban kilomita 75 kutoka Kampala. Anayekwenda na kurudi ameingia nusu ya kusini ya dunia na kutoka kabla ya chakula cha mchana. Barabara hiyohiyo ndiyo inayoelekea Masaka, nyumbani kwa Masaka Cycling Club, ambako vijana kadhaa wamejifunzia kushindana hadi nje ya bara.

Wenye misuli kuliko wote hawana namba kifuani. Alfajiri, katika barabara hizo, utawapita wanaume wanaosukuma au kupanda baiskeli nzito za chuma, bila gia, zikiwa na mikungu mitatu au minne ya matoke nyuma. Baiskeli ya mashindano ina kilo nane au tisa. Kwenye tambarare mwenye baiskeli nyepesi hutangulia. Kilimani, mara nyingi huyu wa matoke ameshashuka na anasukuma kwa mwendo uleule, bila kuhema. Boda boda zenyewe zilianza hivyo, baiskeli za kubeba abiria mpakani Busia, kabla pikipiki hazijazirithi.

Hewa ya Kampala ni nyepesi, na hilo lina pande mbili. Jiji liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hata uso wa ziwa uko mita 1,134. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa, hivyo mapafu hupata oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Lakini baiskeli inapokwenda kasi, adui wake mkubwa ni upepo, na upepo mwepesi hukata tamaa mapema. Anayetoka Kampala kushindana Muscat atahema vizuri zaidi na ataelea vizuri zaidi kwenye maji ya chumvi. Kinachomngoja kule ni joto, na hewa nzito itakayomzuia kwenye baiskeli.

Kujificha nyuma ya mwenzio ni kosa. Katika mbio za baiskeli za kawaida watu hufuatana gurudumu kwa gurudumu kukwepa upepo. Katika triathloni ndefu mtu wa ridhaa hutakiwa kuacha nafasi ya mita 12 kati yake na aliye mbele. Akikaa ndani ya nafasi hiyo bila kupita, huadhibiwa kwa dakika za kusimamishwa. Kwa hiyo mazoezi ya peke yako, yanayochosha roho, ndiyo yanayofanana na siku yenyewe.

MIGUU

Je, wajua kwamba salamu ni kipimo cha mapigo ya moyo? Utafiti wa Stephen Seiler kuhusu mabingwa wa michezo ya uvumilivu ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya mwendo rahisi. Mtu wa ridhaa hufanya kinyume: kila siku anakimbia nusu kasi, haraka mno kwa kupumzika na polepole mno kwa kujenga kasi. Fomula ya kutoa umri wako kwenye 220 ili upate mapigo ya juu kabisa inaweza kukosea kwa zaidi ya mapigo 10. Kipimo cha bure kipo mdomoni. Ukimpita mzee mtaani Kampala, akakuuliza "Wasuze otya nno, ssebo?", nawe ukaweza kuzijibu salamu za Kiganda zote, na ni ndefu, bila kukatika pumzi, mwendo wako ni rahisi. Ukiishia kuinua mkono tu, punguza.

Vilima ni kiwanja cha mazoezi cha bure. Kampala husifiwa kwa vilima saba, ingawa jiji limekwishavipita zamani. Wakimbiaji huwa na vyao: Kololo kwa sababu ya barabara zenye miti na magari machache, Muyenga kwa mwinuko unaopanda hadi kwenye matangi ya maji. Zoezi la kawaida ni kupanda kwa dakika mbili au tatu kwa nguvu, kushuka kwa kutembea, na kurudia. Kupanda huongeza nguvu bila kishindo kikubwa. Kinachoumiza mapaja ni kuteremka, kwa sababu misuli hujivuta huku ikirefushwa. Chini ya kilima, uwanja wa sherehe wa Kololo, ulikopandishwa bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, hutoa ardhi tambarare kwa anayetaka kupumzisha magoti.

Miguu inayoshuka kwenye baiskeli haijui kukimbia. Baada ya saa tano za kupiga pedali, hatua za kwanza huwa za mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Misuli imezoea mzunguko, na ubongo unatoa amri za zamani. Dawa ni kuunganisha: kila Jumamosi, ukishuka kwenye baiskeli, vaa viatu na ukimbie dakika 20 papo hapo, hata kama ni kuzunguka mtaa wako huku watoto wa jirani wakikufuata nyuma.

Waganda walishajua ugumu wa makusudi. John Akii-Bua, polisi wa Uganda, alijiandaa kwa Olimpiki ya Munich 1972 akiwa na kocha Malcolm Arnold. Alikimbia amevaa fulana yenye uzito na kuruka viunzi virefu kuliko vya mita 400. Alipangiwa njia ya ndani kabisa, isiyopendwa na wakimbiaji, akashinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ya pili ilisubiriwa miaka 40, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London 2012. Naye Joshua Cheptegei, Oktoba 2020, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11: kila kilomita dakika 2 na sekunde 37. Kwa mbio, Uganda haina wa kumwonea wivu. Kinachosubiriwa ni bwawa.

TUMBO

Je, wajua kwamba mwili una akiba ndogo ya wanga? Misuli na ini hubeba gramu 400 hadi 500 tu, sawa na kilokalori 2,000 hivi. Triathloni ndefu huweza kuchoma 8,000 na zaidi. Mafuta ya mwilini yapo tele lakini huungua polepole. Februari 1982, huko Hawaii, Julie Moss alikuwa akiongoza mbio za wanawake, nguvu zikamwishia karibu na mwisho, akaanguka, akamaliza kwa kutambaa. Kathleen McCartney alimpita, akashinda kwa sekunde 29.

Tumbo nalo hufanya mazoezi. Mshiriki hulenga kula gramu 60 za wanga kwa saa, wengine hadi 90. Glukosi peke yake hufyonzwa kwa kasi isiyozidi 60 hivi. Ikichanganywa na fruktosi, inayopita mlango mwingine wa utumbo, kiasi huongezeka. Sukari ya kawaida ya dukani ina zote mbili. Ndizi ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo saa sita za baiskeli kwa ndizi tupu zinadai 14. Mfuko wa fulana hauzibebi. Ndipo chupa moja hujazwa maji, vijiko 15 vya chai vya sukari kwa kila saa, chumvi kidogo na ndimu. Tumbo lisilozoeshwa kwenye mazoezi litagoma siku ya mashindano.

Bogoya ni mabaki ya ufalme. Ndizi kubwa ya njano iuzwayo Kampala kwa jina la bogoya ni aina ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi ugonjwa wa Panama ulipoyaangamiza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati katikati ya karne ya 20. London na New York waliisahau. Mwanariadha wa Kampala bado huinunua kwa muuza matunda wa barabarani, pamoja na ndizi ndogo tamu za sukali ndiizi, ambazo humalizwa kwa kumeza mara mbili bila kupunguza mwendo.

Jasho hupimwa kwa mizani. Jipime uchi kabla ya kukimbia saa moja, jipime tena baadaye, kisha ongeza ulichokunywa. Ukitoka kilo 70 hadi 69.2 na ulikunywa nusu lita, umetoa lita 1.3. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa sodiamu ya damu huzimuliwa. Utafiti uliochapishwa 2005, uliowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002, ulikuta asilimia 13 wana sodiamu iliyoshuka mno.

HEWA

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Makerere hupima hewa unayoihema? Mradi wake wa AirQo, ulioanza 2015, hutengeneza vipima hewa vya gharama nafuu, na vingine vimezungushwa jijini juu ya boda boda. Vumbi laini la hewa ya Kampala limezidi mno kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Aliyekaa huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Anayepanda Muyenga kwa kasi anaweza kuvuta 80 au zaidi, tena kwa mdomo, bila chujio la pua. Hewa tulivu ya asubuhi huushika moshi chini, kwa hiyo alfajiri si safi kama inavyoonekana. Tofauti kubwa huletwa na njia uliyochagua: mtaa mmoja ndani, kando na barabara kuu, na nusu saa kabla ya taksi kuanza kujaza abiria.

UMRI NA MAPUMZIKO

Je, wajua kwamba kuchelewa kuanza si kisingizio? Madonna Buder, mtawa Mkatoliki wa Marekani, alifanya triathloni yake ya kwanza akiwa na miaka 52. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman nzima nchini Kanada ndani ya muda.

Zoezi la mwisho ni kupunguza mazoezi. Wiki mbili kabla ya mashindano, wingi wa mazoezi hukatwa kwa asilimia 40 hadi 60. Kasi yake haiguswi. Misuli hujijenga, akiba ya wanga hujaa, na anayezoea kuamka saa kumi na nusu hujikuta macho kitandani akidhani anajiharibu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimekadiria kwamba kupunguza huko huleta nafuu ya asilimia 2 hivi. Kwa mtu wa kumaliza kwa saa 14, hizo ni dakika 17, na hakuna kilima cha Kampala kinacholipa kiasi hicho katika wiki mbili.